Toroli la mashine nzito za karakana: uzoefu wangu wa miezi minane

Karakana yangu ya useremala iko Tabata, Dar es Salaam, katika chumba kimoja chenye baraza mbele. Kwa kuwa vumbi la randa halivumiliki ndani, kila asubuhi mashine hutolewa barazani, na kila jioni hurudishwa na kufungiwa. Kwa miaka mingi tulizibeba kwa mikono, mimi na kijana ninayefanya naye kazi, hadi mgongo wangu ulipokataa. Ndipo nilipomwendea fundi mchomeleaji wa eneo la Gerezani anitengenezee toroli la chuma.

Nilianza kwa kupima uzito, na ninamsihi anayetaka kutengeneza toroli lake asiiruke hatua hii. Randa yangu ya umeme, Makita 2012NB, ina kilo 28 hivi. Kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu kompresa ilifika kilo 43, jiliwa (kibano cha kushikia chuma) 21, mashine ya kunolea yenye mawe mawili 17, na sanduku la vifaa vya mkono 36. Jumla ilikuwa kilo 145, na toroli lenyewe lilipokamilika lilikuwa na 42, kwa hiyo mzigo wote ambao magurudumu yalipaswa kuubeba ulikuwa kilo 187.

Kuhusu fremu sina lawama yoyote. Ina urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 80 pamoja na magurudumu, na imetengenezwa kwa mabomba ya mraba ya milimita 40 yenye unene wa milimita 2. Mabomba mawili ya mita 6 yalitosha na vipande vikabaki. Fundi alishikiza kwanza pembe zote kwa nukta ndogo, akapima mshazari kwa mshazari mpaka vipimo viwili vikalingana, kisha akachomelea kwa kuruka kutoka pembe moja hadi ile inayoitazama ili joto lisiipinde fremu. Rafu mbili za plaiwudi ya milimita 18 nilizikata na kuzifunga mwenyewe.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye magurudumu, na lilikuwa langu. Nilinunua ya nailoni yenye kipenyo cha milimita 50 kwa sababu yalikuwa ya bei ndogo, nikiamini kuwa gurudumu ni gurudumu. Kati ya chumba na baraza kuna ufa wa saruji usiozidi upana wa vidole viwili, na hapo ndipo toroli lilipokwama siku ya kwanza, likainama mbele na randa nusura ianguke. Hata kipande kidogo cha ubao sakafuni kiliweza kulisimamisha ghafla, nalo gurudumu dogo likikwama, mzigo wote ulio juu huendelea na safari. Baada ya wiki mbili niliyang'oa na kununua ya poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, yenye kipenyo cha milimita 125, ambayo hupita juu ya ufa huohuo bila kusita. Sikuchagua ya mpira laini kwa sababu toroli langu husimama mahali pamoja kutwa nzima chini ya mzigo, na mpira wa namna hiyo hubonyea upande mmoja.

Ili kujua kila gurudumu libebe kilo ngapi, wengi hugawanya uzito kwa magurudumu manne. Sakafu zetu haziko sawa, na kama meza ya miguu minne inavyoyumba juu ya sakafu mbovu, toroli nalo mara nyingi huwa limesimamia magurudumu matatu tu. Kwa hiyo nilizigawanya kilo 187 kwa tatu, nikapata 62 na ushei, kisha nikachagua magurudumu yaliyoandikwa kilo 100 kila moja, maana gurudumu linapodondoka ufani hupigwa na nguvu kubwa kuliko uzito linaoubeba likiwa limetulia.

Magurudumu ya kwanza yalikuwa yamechomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Fundi aliniambia, "Bosi, tuyachomelee tu, yatashika zaidi," nami nikakubali. Joto liliyeyusha grisi ya beringi, ile zinki iliyopakwa kwenye bati la gurudumu ikatoa moshi ambao si salama kuuvuta, na siku ya kuyang'oa tulilazimika kuyakata kwa grinda. Mara ya pili tulichomelea vibati vinene kwenye pembe za fremu, tukavitoboa, tukafunga magurudumu kwa bolti za milimita 10. Sasa likiharibika moja nitalibadilisha kwa spana.

Magurudumu mawili hayageuki, na mawili ya upande wa mpini hugeuka na yana breki. Breki ya kawaida huzuia gurudumu lisizunguke lakini huacha shingo yake igeuke, na toroli hucheza ubao unapoingia kwenye randa. Tafuta ile inayofunga vyote viwili, hata kama bei yake inauma. Magurudumu haya yalichukua karibu nusu ya fedha za vifaa, na ningezitoa tena leo.

Si kila mashine ilifaa kukaa humo. Jiliwa nimeirudisha kwenye benchi la ukutani, kwa kuwa ukivuta chuma kwa nguvu toroli zima hutikisika hata breki zikiwa zimefungwa. Mashine ya kunolea nayo niliiondoa mara tu nilipoona cheche zake zikiangukia maranda makavu yaliyojaa chini ya randa. Moto katika chumba cha mbao si jambo la kubahatisha. Kompresa ipo rafu ya chini, juu ya kipande cha tairi kuukuu, na uzito wake hulizuia toroli lisipinduke.

Mtetemo wa randa ulilegeza bolti mbili katika mwezi wa kwanza. Niliongeza washa za springi, na kila Jumamosi, kabla ya kufunga karakana, huwa napitisha spana kwenye zote kumi na sita.