Kinu cha mkono cha kuchujia matunda: misimu miwili ya rojo la mapeasi Lushoto

Kila mwaka, ifikapo Februari, ardhi iliyo chini ya miti mikongwe ya mapeasi hapa Lushoto hujaa matunda yaliyoanguka. Makubwa yasiyo na doa huwa yamekwisha kuchumwa, yakatiwa kwenye ndoo na kupelekwa kuuzwa kando ya barabara inayoshuka Soni hadi Mombo. Madogo, yaliyopinda na yaliyodonolewa na ndege huachwa yaoze, kwa kuwa hakuna mnunuzi anayeyataka. Hayo ndiyo ninayoyaokota, kwa ruhusa ya wenye mashamba, na ni kwa ajili yake nilinunua kinu cha mkono cha kuchujia matunda, ambacho sasa nimekitumia misimu miwili mfululizo.

Kinu hiki ni bakuli la chuma lenye upana wa sentimita 20 hivi, ambalo chini yake hupachikwa kisahani chenye matundu. Juu ya kisahani huzunguka bapa lililolala mshazari, linaloendeshwa kwa mpini, na miguu mitatu mifupi hulishikilia bakuli juu ya mdomo wa sufuria ili mikono yote miwili ibaki huru. Visahani ni vitatu: cha matundu makubwa, cha wastani na cha matundu madogo. Nilikilipia shilingi 58,000 katika duka la vyombo mjini Tanga. Hakihitaji umeme, jambo ambalo kwetu, hasa siku za mvua, si dogo hata kidogo.

Kabla ya hapo nilikuwa nikitumia blenda, na ningependa msomaji aelewe kwa nini niliiacha. Blenda humlazimu mtu kumenya kila tunda na kulitoa moyo kwanza, na tunda la kuokota likiwa dogo kama ndimu, nusu yake huishia kwenye takataka. Isitoshe, peasi lina chembe ngumu ndani ya nyama yake, zinazojikusanya zaidi kuuzunguka moyo, na ndizo zinazomfanya mlaji ahisi kama anatafuna mchanga. Mapeasi ya miti hii ya zamani yanazo kwa wingi. Blenda huzisambaza chembe hizo katika rojo zima, ilhali kinu huyazuia mabonge yake juu ya kisahani pamoja na mbegu na vikonyo.

Kazi yenyewe huanza kwa kisu. Peasi huiva kuanzia moyoni kuelekea nje, kwa hiyo tunda lililoanguka laweza kuonekana zima kabisa huku ndani limekwisha kuwa la kahawia. Nalipasua kila moja, natupa palipooza na kuacha ganda na moyo mahali pake, kwani humo ndimo ilimo pektini nyingi inayolifanya rojo lishikane. Kilo nne za vipande huingia kwenye sufuria nzito na kikombe kimoja cha maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, juu ya moto mdogo, mpaka maganda yaanze kujiachia yenyewe, muda ambao kwenye jiko langu la mkaa ni kama dakika 40. Hapo ndipo kinu kinapoonyesha thamani yake. Rojo hushuka kwa nyuzi nene zenye rangi ya asali, na juu ya kisahani hubaki tope kavu la maganda. Mpini ukianza kuwa mzito, naurudisha nyuma robo mzunguko, bapa linalikwangua tope hilo, na kazi inaendelea. Kilo nne hunipa karibu lita mbili na nusu, na kuchuja hakuzidi dakika 15.

Muda huo ni wa kisahani cha wastani, ambacho kwa maoni yangu ndicho pekee kinachoyafaa mapeasi. Cha matundu makubwa hupitisha mbegu. Cha matundu madogo huziba kila baada ya mizunguko michache, nami hukitumia tu ninapomtayarishia mtoto chakula laini. Matunda yasiyoiva vizuri hayafai kwa kisahani chochote: bapa huyapanda juu badala ya kuyasaga, na kulazimisha mpini ni kuuharibu.

Kasoro zipo, na mbili kati yake zimenikera kweli. Ya kwanza ni nati inayoshika bapa kwa chini, ambayo hulegea kila baada ya sufuria mbili au tatu, na ikilegea bapa huacha kukigusa kisahani. Ya pili ni visahani vyenyewe. Muuzaji alinihakikishia kwamba kila kipande ni chuma kisichoshika kutu, lakini baada ya kuviacha na unyevu usiku mmoja tu nilivikuta na kutu kwenye kingo za matundu. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba vipuri haviuzwi peke yake. Tangu siku hiyo navikausha juu ya jiko mara tu baada ya kuviosha.

Karatasi ya maelezo nayo inataja kuhifadhi rojo kwenye chupa bila kugusa mambo mawili yanayohusu usalama wa mlaji. Peasi lina asidi kidogo kuliko tufaa, kwa hiyo maji ya limau hapa si ya kuongeza ladha tu. Mimi hutia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya dukani, ambayo ukali wake haubadiliki, katika kila chupa ya nusu lita. Tena Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, hivyo dakika zinazotosha Tanga hazitoshi huku. Chupa zangu, zikiwa zimefunikwa na maji kabisa, huchemka dakika 25.

Mwenye mti mmoja na familia ndogo anaweza kutosheka na chekecheke na mwiko. Kwa anayeokota ndoo nzima kwa wiki, ningesema anunue kinu hiki pamoja na kasoro zake, ila kabla ya kulipa aombe kifunguliwe, azungushe mpini kinyumenyume aone kama nati inashika, na aulize kama visahani vya akiba vinapatikana. Msimu uliopita nilijaza chupa 31, na ya mwisho tuliifungua Agosti, tukaila na chapati.