Kanda za Zamani Kuingia kwenye Flashi: Tathmini ya Huduma Moja ya Mwanjelwa

Katika vibanda vinavyozunguka soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, wauza nyimbo ni wengi, na karibu wote hufanya kazi moja: unawapa flashi au memori kadi, unataja aina ya muziki unaoutaka, nao wanakumwagia nyimbo mia kadhaa kutoka kwenye kompyuta kabla hujamaliza soda yako. Duka ninalolitathmini hapa linafanya hayo pia, lakini lililonipeleka ni huduma yake ya pili, ambayo sijaiona kwa majirani zake, nayo ni kuhamisha muziki kutoka kwenye kanda za kaseti za mteja mwenyewe na kuuweka kwenye flashi. Nilipeleka kanda za karakana yangu ya ushonaji, ambazo kwa miaka mingi zimetupigia muziki tukishona sare za shule, na ambazo redio kaseti yetu ilikuwa imeanza kuzila.

Huduma hii haiwezi kupimwa bila kujua muziki wenyewe. Sehemu kubwa ni dansi la miaka ya 1970 na 1980: Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, na Tancut Almasi, ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaihesabu kuwa ya nyumbani, maana maskani yake yalikuwa Iringa na mwenye bendi alikuwa kampuni ya kuchonga almasi. Ziko pia kanda chache za rapa Sugu, mwana wa Mbeya ambaye baadaye jiji hili lilimpeleka bungeni kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, lakini hizo zinapigwa tu wasichana wa karakana wanapokuwa wengi kuliko sisi wazee.

Wimbo wa dansi una mpangilio wake. Mwanzo ni wa polepole, mwimbaji anasimulia kisa, mara nyingi cha ndoa au cha ndugu waliokosana, kisha bendi inakatisha, wakati mwingine kwa kimya cha pumzi moja, halafu chemko linaingia na magitaa yanaanza kujibizana. Mikono ya mshonaji inaujua mpangilio huo vizuri. Wakati wa kisa utapachika kola na kutega mfuko, kazi zinazodai jicho na subira, na chemko likiingia utapiga mishono mirefu ya pembeni mwa sketi bila kuinua kichwa. Kazi moja tu haiendi na muziki huu, nayo ni hesabu za mwisho wa mwezi. Visa vya Marijani vinataka kusikilizwa, na mtu hawezi kujumlisha madeni ya wateja huku anafuatilia masaibu ya mwingine.

Jambo jingine linahusu kanda yenyewe. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na upande ukiisha kitufe kinaruka kwa kishindo, na lazima mtu asimame aigeuze. Kwetu kishindo hicho kilikuwa ndiyo kengele: mtu ananyoosha mgongo, anahesabu vipande alivyomaliza, anabadili uzi, anakunywa maji. Flashi yenye nyimbo mia sita haina kengele. Tena huzaa ugonjwa wa kurukaruka, kwani kila mmoja anataka wimbo anaoupenda, na rimoti inazunguka mikononi kuliko mkasi. Ndiyo maana nilichokwenda kutafuta Mwanjelwa hakikuwa nyimbo, ambazo zinapatikana kila kona, bali kanda zangu kama zilivyo, upande mzima kwa mpigo mmoja.

Kwa upande wa ufundi, duka linastahili sifa kubwa. Fundi ana deki ya kanda iliyotunzwa, ambayo anasafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba kabla ya kila kaseti, na hilo peke yake linamtenga na wengi. Zaidi ya hayo, ana bisibisi ndogo anayotumia kuzungusha skrubu iliyo kando ya kichwa cha deki huku akisikiliza, mpaka matoazi na manyanga yasikike safi. Kazi hiyo ni ya lazima kwa kuwa kila kanda ilirekodiwa kwenye mashine yake, na kichwa kikipishana na mkanda hata kwa pembe ndogo sana, sauti nyembamba zote huzama na wimbo husikika kama unapigwa nyumba ya pili. Kanda yangu moja ya Tancut ilikuwa imepoteza kipande kidogo cha sponji kinachosukuma mkanda ukiguse kichwa. Alifungua kaseti nyingine iliyokufa, akakihamishia kwangu, na gitaa la solo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka likarudi mahali pake.

Anazipokea pia kanda zilizoharibiwa na hali ya hewa, na ni vizuri wateja wajue tofauti zake. Zinazotoka upande wa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi na nyumba zina unyevu, mara nyingi huwa na ukungu mweupe juu ya mkanda, na fundi hazigusishi kwenye deki hadi azisafishe taratibu, maana ukungu ukihamia kwenye kichwa cha deki utachafua na kanda za watu wengine. Zinazotoka Chimala na Usangu huja na vumbi, ambalo ni adui mwepesi zaidi. Kazi ya ukungu anaitoza ziada, na sioni kosa hapo.

Kasoro zinaanza mkanda ukishaingia kwenye kompyuta. Programu inayotumika hapo imewekwa ikate faili kila inaposikia kimya, na kama nilivyoeleza, dansi letu lina kimya katikati ya wimbo. Matokeo yake ni kwamba nyimbo kadhaa zilirudi zikiwa vipande viwili, kisa kikiwa faili moja na chemko faili jingine, na kwa kuwa sabufa yetu hupanga faili kwa alfabeti, chemko la wimbo mmoja lilifuata kisa cha wimbo mwingine kabisa. Kijana wa kompyuta alikuwa pia amechuja mvumo wa kanda bila kuniuliza. Mvumo uliondoka kweli, lakini uliondoka pamoja na manyanga na ukali wa gitaa la pili, ambao fundi alikuwa ameuhangaikia kwa bisibisi yake asubuhi nzima. Nilipolalamika, kijana alinijibu kwa heshima, “Mama, wateja wengi wanataka isikike kama mpya.” Namwelewa, ila mtu anayetaka isikike kama mpya hana haja ya kubeba kaseti yake.

Majina ya nyimbo nayo ni tatizo, ingawa hapa lawama yote si ya duka. Bendi nyingi za wakati ule zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wengi wetu tulizipata nyimbo hizo kwa kuzinasa redioni, hivyo kaseti zina karatasi tupu au maandishi ya penseli yaliyofutika. Hata hivyo, asiyejua afadhali aache wazi. Kuandika jina la Mbaraka kwenye wimbo wa Marijani kwa sababu tu wote ni wa zamani ni kumnyang'anya marehemu kazi yake.

Ninakiri kwa furaha kwamba malalamiko yangu yalisikilizwa. Kanda zilirudiwa bila kudaiwa nyongeza, kila upande ukawa faili moja, mvumo ukaachwa, na sauti za watangazaji wakisoma salamu zikabaki mahali pake. Fundi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo ambalo sikuwa nalo: kwa kuwa sabufa haitasimama upande ukiisha, alipachika kimya cha dakika mbili mwishoni mwa kila faili. Sasa karakana ikinyamaza ghafla, wasichana wanainuka wenyewe, na anayetaka kuruka wimbo hana pa kurukia isipokuwa upande mzima. Kwa macho yangu kazi inakwenda kama zamani, na rimoti imerudi kabatini.

Bei ni shilingi 5,000 kwa kaseti ya dakika 60. Wapo watakaoiona ghali wakilinganisha na nyimbo za kumwagiwa, lakini kaseti haihamishwi kwa haraka. Ya saa moja itachukua saa moja kamili, na mtu lazima awe karibu mkanda usije ukanaswa. Mwambie fundi pia unataka faili la aina gani. Faili lisilobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani karibu megabaiti 600 kwa kaseti nzima, wakati MP3 ya kawaida huhitaji takriban moja ya kumi ya hiyo. Mimi nilichukua zote mbili: MP3 kwa ajili ya sabufa, na kubwa ya kuweka akiba, maana kanda zenyewe hazitadumu.

Jambo moja linanifanya nisite kulisifu duka kwa ujumla. Nyimbo zinazouzwa pale kwa mamia hazina dalili yoyote kwamba senti inamfikia mtunzi au familia yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Vibanda vya jirani haviko tofauti, nami mwenye duka sikumwona akijali sana nilipolitaja. Sifa zangu kwa hiyo ni za meza ya fundi, si za kaunta ya mbele.

Anayetaka nyimbo tu za kuchangamsha safari ya Kyela asihangaike kufika hapo, kwani kibanda chochote kitamtosheleza kwa bei ndogo. Mwenye kaseti zake aende, ikiwezekana asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu Jumamosi fundi huzongwa na watu wa kwaya na kanda hupokewa na kijana wa kompyuta. Aandike kwenye karatasi, na aifunge kwa mpira juu ya kila kaseti: upande mzima, usikate, usichuje.