Kunena njiani au kuandika baada ya matembezi

Mbunifu wa programu ya simu inayounganisha matembezi na shajara hukabiliwa mapema na uamuzi mmoja: je, mtumiaji anene mawazo yake akiwa njiani, au ayaandike akishafika? Kurekodi sauti huyaacha macho barabarani na hulinasa wazo likiwa bichi, jambo lenye uzito, kwa kuwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kutembea huongeza wingi wa mawazo ya kibunifu. Hata hivyo, upepo na kelele za magari huharibu rekodi, na si kila mtu aliye radhi kuzungumza peke yake mbele za watu.

Kuandika baadaye hakuna bughudha, na hupanga fikra vizuri zaidi. Kasoro yake ni usahaulifu. Ramani ya njia iliyopitwa inaweza kumkumbusha mwandishi aliwaza nini na wapi, ingawa GPS ikiwashwa muda wote hula betri, na kumbukumbu zake, zikivuja, hufichua mahali mtu anapoishi. Mimi ningechagua sauti, fupi isiyozidi sekunde 30, ibaki ndani ya simu yenyewe.