Rivyu: dawati la malalamiko la saiti ya maghorofa mtaani kwetu Kijitonyama, nyota mbili na nusu

Watu wanaandika rivyu za hoteli, za saluni, za mafundi simu, lakini za majirani wanaojenga sizioni, wakati hao ndo unaishi nao miaka mizima usiku na mchana. Sasa leo naandika mimi. Sipimi flati zenyewe, hizo hata hazijaisha, napima huduma wanayotupa sisi tuliopakana nao: lile dawati lao la malalamiko, namba waliyobandika getini na dada wao wa mahusiano. Jina la kampuni sitaji, wa mtaani wanaijua, na wewe wa Sinza au Mbezi ukibadilisha tu rangi ya mabati utaona ni saiti ya kwenu.

Kwa asiyepajua, Kijitonyama ilipimwa kwenye ule mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, wa pesa za Benki ya Dunia, huo huo uliotoa Sinza na Mikocheni. Viwanja vidogo, njia za mtaa nyembamba, nyumba ya chini na vyumba vya wapangaji uani. Hakuna aliyewaza Howo la tairi kumi limejaa kokoto linakata kona pale kwa muuza genge. Siku hizi wazee wakiondoka watoto wanauza, viwanja viwili vinaunganishwa, unaamka unakuta mabati ya bluu yamezunguka. Kwetu ni ghorofa nane na maegesho chini ya ardhi. Wana kibali, mji unakua, watu wanatafuta pa kukaa, mi sina ugomvi na hilo kabisa.

Nianze na zuri. Ubao wao wa saiti uko kamili: mmiliki, mkandarasi na daraja lake la CRB (bodi inayosajili makandarasi), msanifu, mhandisi, namba ya kibali cha ujenzi. Msidharau hii, saiti kibao hapa Dar ubao wake ni picha ya jengo na namba ya kununulia flati basi, ukitaka kujua nani anawajibika uanze kuhoji walinzi. Chini ya ubao kuna namba ya malalamiko na inapokelewa, na mtu, siyo muziki. Hapo nyota nzima.

Vumbi wanalijua. Walipoanza kuchimba ilikuwa balaa, ukianika nguo asubuhi mchana unazirudisha kwenye beseni. Jirani yangu anakaanga chapati na vitumbua barazani, ikabidi jiko aliingize ndani na wateja nusu wakakimbia. Tukapiga ile namba, kesho yake dada wa mahusiano huyo hapo na mabuti yake ya saiti na daftari. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita." Mama chapati hakulalamika hata neno, alimpeleka kwenye meza ya chapati, akapitisha kidole kimoja juu ya kile kitambaa cha nailoni chenye maua, ukabaki mstari mwekundu wa maua katikati ya kijivu, akamwonyesha kidole. Yule dada akafunga daftari. Kesho yake boza la maji likaanza kupita asubuhi na mchana, malori yakafunikwa turubai, wavu wa kijani ukapandishwa upande wetu. Halikuisha vumbi, ila tukaweza kuishi. Halafu dereva wa boza akanogewa, njia ikawa tope, bodaboda wawili wakateleza na abiria, tukapiga tena wakapunguza maji. Hivi ndo inavyotakiwa, unapiga kitu kinafanyika.

Kelele ni nusu kwa nusu. Mchana sina neno, nondo lazima zikatwe na zege lazima litikiswe, mtu hawezi kujenga kwa kunong'ona. Shida ni usiku wa slabu, yaani lile zege la sakafu ya ghorofa. Najua, na nyie mnaopiga kelele kwenye grupu mjue pia, slabu ikishaanza kumwagwa huwezi kuikatisha katikati ukaenda kulala, zege la jana na la leo haliungani vizuri na hapo ndo panakuwa dhaifu, na jengo dhaifu pembeni ya dirisha langu ndo kitu cha mwisho ninachotaka. Ila swali langu kwao ni lile lile kila mwezi, kwa nini mnaanza saa tisa mchana? Anzeni alfajiri, saa mbili usiku mmemaliza. Wanasema malori ya zege yanakwama foleni. Sawa, foleni ya Bagamoyo Road siyo habari mpya kwa mtu anayefanya kazi Dar, panga na foleni yako. Matokeo yake pampu inanguruma mpaka saa nane za usiku na taa kubwa kama uwanja wa mpira inamulika chumba cha watoto. Walichoboresha baada ya kelele zetu ni meseji, siku moja kabla wanatuma "ndugu mkazi, kesho tutamwaga zege", angalau mwenye mgonjwa au mtoto wa mtihani anajipanga. Sheria ya Mazingira ya 2004 ina kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, NEMC, baraza la mazingira, ndo wasimamizi, na usiku viwango vinashuka kuliko mchana. Nilipomtajia dada kanuni za 2015 kwenye simu alikaa kimya kidogo halafu akasema "naomba nilifikishe kwa wakubwa". Slabu iliyofuata walianza saa nne asubuhi. Sisemi chochote.

Sasa nyufa, na hapa ndo nyota zilipodondokea.

Wakati wa lile shimo la maegesho walileta mashine ya kushindilia udongo, vikombe kabatini vinagongana vyenyewe. Baada ya muda ukatokea ufa kwenye kona ya dirisha langu la sebuleni, ukashuka mshazari mpaka karibu na soketi. Kupiga simu, yule yule dada mchangamfu wa vumbi akabadilika sauti: "hilo ni la injinia." Injinia anakuja lini? Jumatano. Jumatano ipi hakusema. Alipokuja alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia, akasema mama nyumba yako ni ya zamani. Ndiyo ni ya zamani! Imesimama tangu mzee wangu aijenge bila huo ufa, uzee umeingia juzi mlipowasha mashine?

Fundi wangu, mzee wa hapa hapa mtaani, ndo aliyenifundisha. Alikuja na penseli, akaweka kistari kwenye kila ncha ya ufa na kuandika tarehe pembeni, halafu katikati akapaka kipande chembamba cha plasta kuvuka ufa wenyewe, kama vidole viwili hivi. Kikikatika, akasema, ujue ukuta bado unatembea. Wiki haikuisha kikakatika, na ufa ulikuwa umevuka kistari cha chini. Akaniambia ufa wa plasta unauona mwembamba, umetawanyika, ukikwangua hauingii kwenye tofali, huo usikunyime usingizi. Unaotoka kona ya dirisha au mlango ukaenda mshazari na upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, huo mara nyingi ni msingi umeshuka upande mmoja, usiuzibe haraka, kwanza ujue umetulia au bado.

Kosa lao kubwa ni hili. Mkandarasi makini kabla hajachimba anapita nyumba zote zinazopakana, anapiga picha kuta moja moja na mnasaini wote wawili, ili baadaye asije mtu na ufa wa zamani akadai mpya na wala asinyimwe mwenye mpya. Hawa walipita, tena na kamera nzuri, lakini nyumba za upande wa lami tu. Sisi wa nyuma, ambao shimo liko hatua chache kutoka ukutani, hawakugonga hodi. Kwa hiyo ikabaki neno langu na neno la injinia, na neno la injinia lina kofia.

Kilichoniokoa ni kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Tulipiga picha sebuleni, shangazi kakaa pale pale chini ya dirisha na kitenge chake kipya, ukuta nyuma yake msafi, na simu imehifadhi tarehe. Nikaenda stesheneri wakaniprintia kubwa, na ya kwenye simu nikaipeleka hivyo hivyo. Injinia akaikuza, akaikuza tena, akamwangalia shangazi muda mrefu mpaka nikataka kumuuliza kama anamfahamu, akasema "sawa mama, tumeelewa".

Kuelewa na kuja ni vitu viwili. Walikuja baada ya mwenyekiti wa mtaa kuitisha kikao na mtendaji wa kata akakaa mbele, na mjumbe mmoja akasema wazi kwamba ikishindikana tunapeleka barua CRB na NEMC siku moja. Fundi wao alifanya kazi nzuri, siwezi kumnyima haki yake, aliupanua ufa kwa tindo, akaweka wavu, akapiga plasta, akapaka rangi. Rangi ni krimu, ukuta wangu ni maziwa. Nimeacha.

Ila bibi wa nyumba ya kona ana ufa mkubwa kuliko wangu, jikoni, unaingiza mwanga, na hajapata kitu mpaka leo kwa sababu nani anapiga picha jikoni kwa bibi? Hana simu ya kamera, wajukuu wako Mwanza. Kila akienda dawatini anaandikwa kwenye daftari vizuri, anapewa kiti, anapewa na maji ya chupa, anarudi. Hapo ndo nimeijua hii huduma ilivyo: kitu kinachomalizwa na boza la maji wanakimaliza kesho yake, kinachohitaji saruji na pesa unatakiwa uwe na ushahidi na kikao. Na huu ufa siyo wa kutaniana nao. Sisi tuliokuwa mjini lile ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka likiwa linajengwa, Ijumaa Kuu ya 2013, watu 36 wakafa, na tukaona tena Kariakoo Novemba 2024, ukituambia "nyumba ya zamani" hatulali.

Mengine madogo madogo. Bomba la mtaa walilipasua wakalitengeneza siku ile ile, freshi. Mafundi ni vijana wa heshima, wamewapandishia biashara mama ntilie na muuza vocha. Malori kupaki mbele ya geti la mtu bado hawajajifunza, mlinzi anakwambia "dakika mbili bosi" na dereva kaenda kula.

Kama kwenu ndo mabati yanafungwa sasa hivi, piga picha kuta zako leo, ndani na nje, na za jikoni, na za wazee wasio na simu, zitume kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ili tarehe isibishaniwe. Barua ya malalamiko peleka nakala serikali ya mtaa wakugongee muhuri, simu peke yake haiachi alama. Na kikao cha kuwashirikisha wakazi kabla ya mradi mkiitwa nendeni, msiachie wale wanaofuata soda, maana kule ndo mnaandikwa kwamba "hakukuwa na pingamizi".

Wanaonifuata inboksi kuuliza kama flati ni nzuri: kwa nje ujenzi unaonekana wa uhakika, nondo nimeziona zikisukwa na sikuona ubabaishaji. Bei waulizeni wenyewe. Ukija kuangalia njoo saa kumi na mbili jioni siku ya kazi ujionee njia yenyewe ilivyo, halafu waulize gari la pili utaliweka wapi, kwa sababu mbele ya geti langu hapana. Na bibi wa kona akizibiwa ukuta wake nitaingia hapa kuongeza nyota moja siku hiyo hiyo.