Kivinjari gani kwa simu yako Bukavu? Mpangilio wangu, kwa faragha na kwa mega

Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, hakiuzwi kwenye meza za simu za Kadutu wala za Nyawera. Kinakuja kimeshawekwa, na wengi wetu tunatumia hicho hicho hadi simu inakufa. Lakini tunakilipia kila siku: kwa mega, yaani intaneti tunayoinunua, zinazoliwa na matangazo tusiyoyaomba, na kwa habari zetu zinazokwenda kwa watu tusiowajua. Ndiyo maana nakihesabu kuwa ununuzi, na kinastahili kuchaguliwa kwa makini kama simu yenyewe.

Swali ninalouliza kila kivinjari ni moja: nani mwingine anaona ukurasa ninaoufungua? Huku kwetu simu inazunguka mikononi. Binti anaazima simu ya yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa, kusoma habari za uzazi wa mpango. Mama ametoka hospitalini na karatasi yenye jina la ugonjwa, anataka kulielewa kabla ya kuwaambia watoto. Mwanafunzi anafuatilia habari za siasa usiku. Hakuna kati yao anayeficha uovu. Wana haki ya kusoma bila kuchunguliwa, na aliye karibu na anayewaza kuchungulia ni tofauti na kampuni iliyo mbali inayochungulia, ingawa kivinjari kibaya kinawafungulia wote wawili mlango.

Cha kwanza: Firefox, ikiwa na uBlock Origin

Firefox inatengenezwa na Mozilla, na juu ya kampuni hiyo kuna shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2003. Siiweki mbele kwa sababu hiyo peke yake. Jambo kubwa ni kwamba kwenye Android inakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, na kimojawapo ni uBlock Origin, kizuizi cha matangazo ambacho ni programu huria na hakidai senti. Chrome ya Google kwenye simu haikubali viendelezi kabisa, na ile ya kompyuta iliacha kuikubali uBlock Origin kamili mwaka 2025.

Hapo ndipo faragha na mfuko vinapokutana. Tangazo si picha tu. Ukifungua tovuti ya habari, simu yako inaagizwa ipakue pia msimbo wa kampuni nyingine nyingi, video inayojichezea yenyewe, na vidakuzi, yaani faili ndogo za kukutambua utakapofika tovuti nyingine. Vyote vinapita kwenye forfe yako, kifurushi cha mega ulichokilipia. uBlock Origin inakata ombi kabla halijatoka kwenye simu: kinachokufuatilia hakiji, na mega zake hazitoki. Nasikia mara kwa mara kwamba mwenye forfe ndogo hana budi kuitoa faragha yake ili abane mega. Si kweli, na napenda kila anayenunua mega za siku moja moja alijue hilo.

Kitu kingine kinachofaa nyumba zetu: ndani ya mipangilio ya Firefox unaweza kuamuru historia ifutwe kila unapoifunga kwa kitufe cha kutoka.

Kasoro zake nazitaja waziwazi. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza ndani ya Firefox, kwa hiyo uhuru wake una mpaka. Mwezi wa Februari 2025 Mozilla iliondoa kwenye tovuti yake ile ahadi ya zamani kwamba haitauza kamwe data za watumiaji. Ilieleza kuwa tafsiri ya kisheria ya kuuza ni pana mno katika baadhi ya nchi, lakini watumiaji wengi waliumia, nami naona walikuwa na haki. Isitoshe, Firefox inatuma takwimu za matumizi tangu siku ya kwanza hadi uizime mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ukusanyaji wa data, zima kila kilichowashwa. Na kwenye simu yenye RAM ndogo inakwenda polepole. Ikikushinda, nenda kwenye kinachofuata.

Cha pili: Brave

Huyu hahitaji kufundishwa. Ukimweka tu, anazuia matangazo na vifuatiliaji papo hapo, na ndiyo sababu nawapendekezea wazazi wasiopenda kuhangaika na mipangilio. Mwaka 2020 mtafiti Douglas Leith wa Trinity College Dublin alilinganisha vivinjari sita kwa kuangalia kila kimoja kinatuma nini kwa kampuni yake, na Brave ndiyo iliyotoa machache kuliko vyote. Edge na Yandex zilikuwa mkiani.

Upande wa maadili nina shaka kiasi. Mwaka huo huo wa 2020 Brave ilikutwa ikimalizia anwani za baadhi ya tovuti za sarafu za kidijitali kwa kuongeza msimbo wa kuiletea kamisheni, bila kumwambia mtumiaji. Iliomba radhi na kuacha. Bado kuna vitufe vya sarafu hizo na zawadi za kutazama matangazo. Usiviwashe. Pia imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, mradi unaoongozwa na Google, na kadiri sote tunavyohamia huko, ndivyo Google inavyozidi kuamua peke yake intaneti itengenezwe vipi.

Cha tatu: DuckDuckGo

Kwa simu inayotumiwa na watu wawili watatu, ningeipandisha hadi ya kwanza. Ina kitufe chenye alama ya moto: ukikigusa, kurasa zote ulizofungua na data zake zinafutwa mara moja. Mtoto anaweza kukitumia. Ni nyepesi, na injini yake ya utafutaji haihifadhi historia ya ulichokitafuta. Mwaka 2022 iligunduliwa kuwa ilikuwa inaviachia baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft kwa sababu ya mkataba wao, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikaanza kuvizuia.

Chrome

Kwa usalama dhidi ya wadukuzi, Chrome ni imara. Google inaziba mianya haraka. Tatizo ni kwamba mwenye kivinjari ndiye anayeishi kwa kuuza matangazo. Januari 2020 Google iliahidi kuviondoa vidakuzi vya kampuni za nje ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Ile hali fiche (incognito) nayo inawadanganya wengi: inamficha mtu historia kwenye simu hiyo, haimfichi mbele ya tovuti wala mtandao wa simu. Watumiaji walifungua kesi Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hilo, na katika mapatano yaliyotangazwa mwaka 2024 Google ilikubali kuteketeza mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi Bukavu ni nyingine. Ukinunua simu, hasa ya mkono wa pili, mara nyingi muuzaji ndiye anayekufungulia akaunti ya Google, kwa nenosiri analolichagua yeye. Unaondoka umefurahi. Chrome ikiingia kwenye akaunti hiyo na usawazishaji (sync) ukawashwa, historia yako na hata manenosiri uliyohifadhi yanaweza kufunguliwa kwenye simu nyingine na yeyote anayelijua lile la kwanza. Dada, kaka, hata usipobadilisha kivinjari, badilisha nenosiri hilo leo. Kisha angalia kwenye akaunti orodha ya vifaa vilivyoingia, na uondoe usichokitambua.

Wenye iPhone hawana uchaguzi mpana: huku kwetu kila kivinjari kwenye iPhone kinatumia injini ya Safari, kivinjari cha Apple. Safari yenyewe inazuia vifuatiliaji vizuri, wabaki nayo.

Opera Mini

Najua wanaoipenda, na najua kwa nini. Inabana mega kweli. Ila uelewe inavyobana. Katika hali ya kubana zaidi, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva (kompyuta kubwa) za Opera, unapunguzwa huko, kisha unatumwa kwako. Maana yake hata ukurasa uliosimbwa, yaani uliofichwa ili wengine wasiusome njiani, unasomeka kwenye seva hizo kabla haujakufikia. Kwa matokeo ya mpira hakuna neno. Kwa benki, barua pepe au habari za afya yako, hapana.

Opera ilianzia Norwe, na mwaka 2016 kivinjari kiliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Hindenburg Research iliituhumu kwamba programu zake za mikopo huko Kenya, Nigeria na India zilitoza riba kubwa na kuwasumbua wakopaji. Opera ilikanusha.

Cha mwisho: UC Browser

Iondoe. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kuwa ilivujisha namba za utambulisho wa simu, mahali alipo mtumiaji na maneno aliyotafuta, baadhi yakiwa wazi bila kusimbwa. Kivinjari chochote ulichokikuta kwenye simu kimejaa habari za udaku na matangazo kwenye ukurasa wake wa mbele, nakiweka kundi hili pia.

Tor, kwa kazi maalumu

Sikuipanga na hizo nyingine kwa sababu si ya kila siku. Tor Browser inapitisha ombi lako kwenye vituo vitatu, ili asiwepo anayejua kwa pamoja wewe ni nani na unasoma nini. Ni ya polepole. Mwandishi wa habari, au anayekusanya ushahidi wa haki za binadamu, anapaswa kuwa nayo na kujifunza kuitumia kabla ya siku ya shida. Mtandao wako wa simu unaweza kuona kwamba unatumia Tor, ingawa hauoni unachosoma. Madaraja yaliyomo ndani yake, yaani njia za kuingilia zisizotangazwa, kama Snowflake, yanasaidia kulificha hilo. Intaneti ikizimwa kabisa, kama nchini kwetu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Tor nayo haifui dafu.

Kuiweka

Usipokee kivinjari kwa Bluetooth au Xender kutoka simu ya rafiki, hata kama mega zimeisha. Faili ikiwa imechezewa hutajua. Ipakue Play Store au kwenye tovuti ya wenyewe, kisha iweke kuwa kivinjari chaguomsingi ili viungo vya WhatsApp vifungukie humo. Facebook ina kivinjari chake cha ndani, na usipokizima, kazi yote hiyo haitagusa viungo unavyobonyeza kule: ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya media, uchague viungo vifunguke nje.