AI ya Kuandika Msimbo: Nunua Ile Isiyogusa Isichotumwa

Ijumaa moja jioni niliiomba AI kazi ya dakika mbili. Nina wateja wangu, kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa huko Mbagala, niliowatengenezea mfumo mdogo wa kuwakumbusha wanachama marejesho kwa SMS. Namba za simu watu huziandika wanavyojisikia. Huyu anaanza na 07, yule +255, mwingine anaachanisha tarakimu kama anaandika hirizi. Kwa hiyo nina kipande cha msimbo, mistari kumi na minane, kinaitwa safisha_namba, kazi yake kuzirudisha zote kwenye 07. Kilikuwa kinashindwa na nafasi za katikati. Nikaandika: "Rekebisha safisha_namba iondoe nafasi zilizo katikati ya tarakimu." Basi.

Ikarekebisha, tena vizuri. Halafu kwa hisani yake ikaona kwamba namba za simu kwenye kanzidata zimehifadhiwa kama maandishi, ikaamua namba ni namba, ikazigeuza kuwa za kuhesabika, na mabadiliko hayo ikayapitisha kwenye faili kumi na nne. Nikaona kijani kingi kwenye skrini, yaani mistari iliyoongezwa, nikabonyeza kukubali yote, nikaenda kula chipsi.

Mnaoijua kazi hii mmeshacheka. Sifuri ya mwanzo haina thamani kwa kompyuta inayohesabu, kwa hiyo 0754 ikabaki 754. Msimbo wangu wa kutuma SMS nao hukata tarakimu ya kwanza na kuweka 255 mahali pake. Sasa ikawa inakata saba.

Jumatatu asubuhi mhazini akapiga. Nikamwamkia, akaitika, hakuzunguka: "Mwanangu, hakuna hata mmoja aliyepata meseji. Na wale wasiopenda kulipa ndio wamefurahi kweli."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba zana ile nilikuwa nimeilipia mwaka mzima kwa mkupuo, karibu laki tano, kwa sababu ya punguzo. Nilipoomba kurudishiwa niliandikiwa barua ya heshima sana yenye maana ya hapana. Jina lake sitalitaja. Nitawaambia tu jinsi ya kununua nyingine.

Sitazungumzia modeli ipi ina akili zaidi, maana orodha hiyo hubadilika kabla malipo yako hayajapita. Kuhusu kasi nina neno moja. Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilitoa utafiti wa madevelopa 16 wazoefu waliofanya kazi 246 kwenye miradi ya chanzo huria wanayoijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa, walikadiria kwamba imewaharakisha kwa asilimia 20. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii inanikimbiza balaa", mwitikie kwa adabu, usitoe pochi.

Mimi natazama kitu kimoja: inagusa isichotumwa? Umemwita fundi bomba, bomba la jikoni linavuja. Unarudi jioni, bomba halivuji, lakini sinki limehamia upande wa pili, kitasa cha mlango ni kipya, na swichi ya taa iko nyuma ya friji. Fundi anatabasamu. Na anakudai.

Kosa likitokea pale ulipomtuma utaliona, kwa sababu macho yako yako palepale. Likitokea usipomtuma, nani atalitafuta? Julai hiyohiyo ya 2025, Jason Lemkin, mjasiriamali wa Marekani, alieleza hadharani jinsi wakala wa AI (AI inayotenda yenyewe, siyo kushauri tu) wa Replit, kampuni ya zana za kuandika msimbo, alivyofuta kanzidata yake iliyokuwa kazini, wakati wakala huyo alikuwa ameshaambiwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi. Mimi na namba zangu za kina mama nilijisikia nina mwenzangu.

Jaribio la kufanya kabla hujalipa ni hili. Karibu zana zote zina kiwango cha bure au siku za majaribio. Chukua mradi wako halisi, siyo ule wa mfano unaopendeza kila siku. Fungua tawi jipya kwenye git, ile programu inayotunza historia ya msimbo wako, fanya komiti (yaani hifadhi hali ya sasa) ya kila kitu. Chagua kasoro ndogo ambayo unajua kabisa dawa yake iko kwenye faili moja, kisha iombe kwa sentensi moja. Ikimaliza usisome maelezo yake, maana zote hujieleza kama mgombea udiwani. Andika git diff --stat (kama zana imejiwekea komiti yenyewe, git diff --stat HEAD~1). Hapo utapata orodha ya faili zilizoguswa na mistari mingapi. Faili moja, mistari mitatu: huyo mfanyakazi. Faili sita: kaa naye chini.

Nimelifanya kwa zana tano, ombi lilelile la safisha_namba. Iliyo bora ilibadilisha mstari mmoja. Iliyo mbaya iligusa faili kumi na moja, ikaleta maktaba ya kusomea namba za simu ambayo sikuiomba, kisha ikafuta maelezo yangu ya Kiswahili ndani ya msimbo ikaweka ya Kiingereza. Nilikuwa nimeandika "usiondoe hii, mhazini ana laini mbili". Ikaniwekea sentensi inayosema kwamba kazi hii husafisha namba za simu. Asante, nilikuwa sijui.

Basi, orodha yangu.

1. Aider

Sifichi, hii ndiyo yangu. Ni programu ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyoanzishwa na Paul Gauthier mwaka 2023, inaishi kwenye dirisha jeusi la amri, na kwa sura haina mvuto wowote. Mdogo wangu alipoiona aliuliza kama kompyuta imeharibika.

Lakini sikiliza inavyofanya kazi. Faili za kuhariri unaziingiza wewe mwenyewe kwa amri ya /add. Nyingine inazijua kwa muhtasari tu, majina na maumbo yake, ili isipotee njia. Ikitaka kugusa faili ambayo hukuiingiza, inabisha hodi: niingize na hii? Unajibu ndiyo au hapana. Unaweza hata kuipa faili ya kusoma tu. Kila badiliko inaliwekea komiti yake kwenye git papo hapo, na ukiona limekaa vibaya unaandika /undo, limeondoka. Ijumaa ile ingekuwa ni neno moja tu, nami ningelala.

La pili ni mita. Aider yenyewe hulipii, unanunua salio la modeli unayoitaka kwa kampuni inayoiuza, unaunganisha ufunguo, na kila jibu likija inakuandikia chini: tokeni kadhaa (vipande vya maneno inavyohesabu modeli) zimekwenda, kadhaa zimerudi, senti kadhaa kwa ujumbe huu, kadhaa tangu ulipoanza. Sisi watu wa LUKU tulielewa biashara hii tangu zamani. Unaingiza tokeni, unaona uniti zinavyopungua, ukipika maharage kwa umeme unajua umejitakia. Modeli za Claude Sonnet za kampuni ya Anthropic, kwa mfano, kwa muda mrefu zimeuzwa dola 3 kwa tokeni milioni za kuingia na dola 15 kwa milioni za kutoka. Kazi ya safisha_namba haikufika senti tano za dola.

Tofauti na LUKU ni kwamba salio hili hufa. OpenAI (wenye ChatGPT) na Anthropic wote salio lao la kulipia kabla huisha muda baada ya mwaka mmoja. Nunua dola tano tano. Na ukiongea nayo Kiswahili, kama mimi, jua maneno yetu hukatwa vipande vingi zaidi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo tokeni zinakwenda haraka. "Hazijarekebishwa" ni neno moja kwako, kwake ni mlolongo wa vipande. Kodi ya kuwa Mswahili, sijui nani wa kumdai risiti.

Udhaifu wake: lazima uijue git kidogo. Kama hujui git, acha kununua AI, kajifunze git kwanza. Ni bure.

2. Claude Code

Hii ni ya Anthropic. Ilitoka Februari 2025 kwa majaribio, ikafunguliwa kwa wote Mei mwaka huo. Kama hutaki mambo ya salio, unaipata kwenye kifurushi cha dola 20 kwa mwezi. Ninachokipenda: ukiiacha katika hali yake ya kawaida inakuomba ruhusa kabla ya kuhariri faili, na ina hali ya kupanga, ambapo inasoma na kukueleza itafanya nini bila kugusa kitu. Mimi huanzia hapo kila mara. Nikiona mpango una vipengele saba kwa ombi la kipengele kimoja, naukata.

Ila ruhusa zinachosha. Ukishabonyeza ndiyo mara ishirini, ya ishirini na moja hujaisoma. Na kuna swichi ya kuzima ruhusa zote ambayo wenyewe wameipa jina lenye neno dangerously ndani yake. Mwenye duka akikuandikia hatari mlangoni, wewe unaingia kutafuta nini? Kifurushi kina ukomo unaohesabiwa kwa madirisha ya saa tano na mwingine wa wiki, na kwangu hiyo ni mita ya mafumbo. Nipeni uniti.

3. GitHub Copilot

Dola 10 kwa mwezi, na mwanafunzi aliyethibitishwa anapewa bure, jambo ambalo wanafunzi wengi hapa hawalijui wakati wanachanga hela za kulipia vitu vingine. Kuna pia kiwango cha bure, kilichoanza Desemba 2024 na mapendekezo 2,000 kwa mwezi.

Naiweka hapa kwa sababu ya sehemu yake ya kizamani, ile iliyoanza nayo mwaka 2021: kumalizia mstari unaouandika. Wengine wanaicheka siku hizi. Lakini fikiria, inaandika pale tu kishale chako kilipo, na usipobonyeza Tab hakuna kilichotokea. Haiwezi kwenda chumba cha pili hata ikitaka. Hali yake ya wakala ni habari nyingine, ifanyie jaribio langu kama nyingine zote.

4. Cursor

Dola 20. Ni VS Code, kile kihariri cha msimbo cha Microsoft, iliyofanyiwa ukarabati, kwa hiyo mikono inazoea siku hiyohiyo, na ina alama za kukurudisha nyuma ukiharibu. Difu zake, yaani maonyesho ya mistari iliyobadilishwa, zinasomeka vizuri. Shida ni kitufe cha kukubali zote, kinachokaa mahali pazuri mno. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliandika kuhusu mtindo wa kujiachia na AI, akasema yeye hukubali yote na hasomi tena difu. Vijana wakalishika hilo kama hadithi sahihi. Palepale alikuwa amesema mtindo huo unafaa kwa miradi ya wikiendi ya kutupa. Hapo hawakufika.

Halafu Juni 2025 walibadilisha namna ya kuhesabu matumizi, wateja wakakuta makato wasiyoyatarajia, Julai wakaomba radhi na kuahidi kurudisha fedha. Walirekebisha, sawa. Mimi bado nataka mita.

Za bure na za bei chee

Gemini CLI ilianza Juni 2025 na maombi 1,000 kwa siku bila malipo kwa akaunti ya kawaida ya Google. Ukitaka kisichohitaji intaneti, weka Ollama (programu ya kuendeshea modeli kwenye kompyuta yako) na modeli ya Qwen2.5-Coder ya 7B, ni kama GB 4.7 kuishusha, fanya hivyo kwa bando la usiku. Laptopu ya RAM ya GB 8 italia kama pasi ya mkaa. Sina zaidi.

Sasa nina la wauzaji. Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kuna kaka anauza "akaunti ya kushea" kwa elfu kumi na tano. Mnashea watu wanane, na historia ya mazungumzo ni ya wote. Maana yake funguo za malipo za mteja wako ulizobandika saa nane usiku zinasomwa na mtu wa Arusha usiyemjua, anayetafuta msaada wa fildi yake ya chuo. Wasomaji wangu wawili wameniandikia wakilia. Wote waliwahi kulipa, wote akaunti ilifungwa ndani ya mwezi, na kaka hapatikani, namba yake ina picha ya ua.

Wanaolipa kihalali nao hawajapona. Dola 20 inaonekana kama elfu hamsini hivi, mpaka kampuni nyingine ikuongezee VAT ukurasa wa mwisho, kadi ya mtandaoni ya simu ikate makato yake, na kiwango cha kubadilisha dola kiwe kile ambacho hakuna bureau ya Kariakoo ingethubutu kukiandika ubaoni. Bei hizi zimepangwa na watu ambao dola ishirini kwao ni chakula cha mchana. Kwangu ni nusu ya malipo ya mwezi ninayopata kuutunza mfumo wa kina mama.

Kile kifurushi nilicholipia mwaka mzima bado kimebakiza miezi minne. Nimekitengea folda yake peke yake isiyo na mteja yeyote, kinatuandikia ratiba ya chakula na zamu za kuosha vyombo hapa nyumbani. Jumapili nilikiomba kibadilishe jina la mdogo wangu tu kwenye Jumatano. Kikabadilisha, na wali wa Ijumaa kikaufanya tambi.