Mama aliupa mto mgongo: uzoefu wangu wa kwenda PNC Park, Pittsburgh

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, goti la kulia linamsumbua, na alitoka Pangani mpaka Marekani kuja kunitembelea. Nikampeleka Pittsburgh, kwenye uwanja wa besiboli ambao watu wengi wanausifu kuwa mzuri wa kutazama kuliko vyote vya ligi kuu, na mama yangu akakaa mizunguko mitatu mizima ya mchezo akiwa ameupa mgongo mto aliokwenda kuuona. Jua la jioni linampiga usoni, amejikinga kwa mtandio. Bado nina hasira, sitaficha. Kama unapanga kwenda huko na mzazi wako, soma hapa kabla hujalipa hata senti.

Mimi naishi Columbus, Ohio, mwendo wa kama saa tatu kwa gari hadi Pittsburgh. Kabla mama hajaja nilimtumia picha ya uwanja ule: nyasi za kijani, nyuma yake mto Allegheny, daraja la njano limeuvuka, na ng'ambo maghorofa yamepangana kama yanachungulia mchezo. Mama alikulia Bweni, akivuka mto Pangani kwa pantoni kila siku ya soko, kwa hiyo mto kwake ni kitu cha nyumbani. Akanipigia simu siku hiyohiyo: "Mwanangu, huko ndiko unipeleke." Besiboli yenyewe haijui, na wala hakujali.

Sasa hao waliotuuzia tiketi sitawataja jina. Ni programu ya simu inayouza tiketi za mkono wa pili, zile ambazo mwenye nazo ameamua kutokwenda. Nilikaa nayo usiku mzima baada ya zamu, nikatafuta, nikalinganisha, mpaka nikapata viti viwili vilivyoandikwa "mandhari ya mto", na chini yake picha ileile ya daraja na maghorofa. Nilipofika kwenye kulipa, bei ikaanza kupanda: ada ya huduma, ada ya kushughulikia, ada nyingine tena ambayo mpaka leo sijui ni ya nini. Nikalipa. Ni mama.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kuamini picha. Uwanja ule umekaa hivi: mpigaji, yule mwenye gongo, anasimama pembeni mwa kona ya kaskazini magharibi, uso wake umeelekea mjini, na mto unapita nyuma ya upande wa kulia wa uwanja. Maana yake, anayeuona mto, daraja na jiji ni yule aliyekaa nyuma ya mpigaji au upande wa kushoto, ule wa kituo cha tatu, kimoja cha vituo ambavyo mchezaji huvikimbilia akishaupiga mpira. Aliyekaa kulia kabisa, juu ya ukuta unaofunga uwanja upande huo, mto uko kisogoni kwake. Yuko karibu nao kuliko watu wote uwanjani, na hauoni. Anachokiona ni majukwaa mengine, na jua linapozama linazama mbele ya macho yake.

Viti vyetu vilikuwa vya kulia, juu ya ukuta.

Niliposhika simu kupiga huduma kwa wateja mchezo ulikuwa umeshaanza. Nilipandishwa na kushushwa na ile mashine ya kubonyeza namba, kisha akapokea kijana. Nikamweleza kwa utaratibu kabisa. Nikamwambia picha mliyoweka si ya viti hivi. Akanijibu kwamba viti viko kando ya mto, kwa hiyo maelezo hayana kosa. Nikamwambia mama yangu ni mtu mzima, ametoka mbali, amekuja kuutazama mto na hawezi kuuona. Nikasikia amevuta pumzi, kama mtu aliyechoshwa, halafu akasema: "Basi si ageuke nyuma."

Ageuke nyuma. Nimeyarudia maneno hayo kichwani tangu siku ile na kila nikiyarudia damu inachemka upya. Sisi tumelelewa kwamba mama wa mwenzio ni mama yako, na usipoweza kumsaidia, basi utampa pole. Yule kijana hakuhitaji kunirudishia pesa pale pale. Angesema "pole, nitaangalia", ningekata simu na ningeandika maneno mengine kabisa leo. Alichokifanya ni kumfanya mama yangu kichekesho mbele ya sikio langu mwenyewe, na mama amekaa hapo hapo pembeni, kanga yake mapajani, ananitazama usoni.

"Amesemaje?" akaniuliza. Kiingereza hajui.

"Anasema tusubiri kidogo, mama."

"Haya, tutasubiri. Mwambie asante."

Aliposema mwambie asante ndipo nilipotaka kulia.

Kwa hiyo, nikiwa nimekaa pale, niliamua uwanja huu naupa nyota moja na nitawaambia watu wote ninaowajua wasiende. Niliandika hata sentensi ya kwanza kwenye simu. Lakini nikiwa mkweli lazima niseme kilichofuata, kwa sababu hakikufanywa na waliotuuzia tiketi. Kilifanywa na uwanja wenyewe.

Kulikuwa na mzee anayeelekeza watu kwenye viti, mtu wa makamo ya mama. Alikuwa ameshapita mara mbili na kumwona mama amejikinga jua. Mara ya tatu akainama akaniuliza kama bibi yuko salama. Nikamweleza, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa ya ukali kuliko alivyostahili. Hakubisha. Akasema nimfuate, akampa mama mkono kwenye ngazi, tukaenda kwenye dawati la kuhudumia wageni, tukaambiwa kuna nafasi upande wa kituo cha tatu, mahali pasipo na ngazi nyingi. Hatukulipishwa kitu. Mzee yule alitembea mwendo wa mama, hatua kwa hatua, njia nzima, na alipotufikisha akagusa kofia yake na kurudi kwenye kazi yake. Jina lake sikuuliza. Najuta.

Basi mama akakaa. Akainua uso.

Mbele yake jua lilikuwa sasa limehamia kwenye vioo vya maghorofa ng'ambo, yamekuwa rangi ya asali. Daraja la Roberto Clemente lile pale, njano iliyoiva, na jirani yake mengine mawili yaliyojengwa kwa mfano uleule, ndiyo maana wenyeji wanayaita Dada Watatu. Boti inapita taratibu. Uwanja una majukwaa ya orofa mbili tu, si mrefu kama viwanja vingine vya ligi, kwa hiyo ukiwa chini au juu hakuna kinachokuziba. Mama alinyamaza muda mrefu sana. Alikuwa ameshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili, vile wanavyoshika ukingo wa pantoni maji yanapokuwa makali. Halafu akasema: "Huu mto unatembea kama wetu."

Kuanzia hapo maswali hayakuisha. Kwa nini ukuta wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto? Nikamwambia ule ukuta una urefu wa futi 21, kwa ajili ya Clemente, aliyevaa jezi namba 21 katika timu hii, Pirates. Alikuwa Mpuerto Riko mweusi, alimaliza akiwa na mapigo 3,000 kamili. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1972, alipanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko la ardhi, na ndege ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Mama ni mtu wa pwani, watu waliochukuliwa na bahari anawajua kwa majina. Akasema, "Mungu amrehemu," na akauangalia ule ukuta upya. Tulikuwa tumekaa juu yake saa nzima na mimi kwa hasira zangu sikuwa nimemwambia.

Nikamsimulia na mengine, maana nilikuwa nimejiandaa na safari hii kuliko mtihani. Kwamba timu hiihii, tarehe 1 Septemba 1971, ilianza mechi na wachezaji 9 ambao wote walikuwa weusi na Walatino, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye ligi kuu. Kwamba tarehe 26 Aprili 2017, uwanjani hapahapa tulipokaa, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama. Mama akauliza mama yake Ngoepe alikuwepo siku ile. Nikamwambia hapana, alikuwa ameshafariki miaka michache kabla. Akanyamaza tena, akanishika mkono, hakuuachia mpaka mzunguko ulipoisha.

Hata ule mchezo wao wa katikati, watu waliovaa mavazi ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yenye viazi ndani, wakikimbizana kuzunguka uwanja, mama aliufurahia mpaka machozi. Alikuwa anamshangilia wa kijani. Pale nilikuwa naupa uwanja nyota tano na nyingine ya juu yake.

Halafu kesho yake nikapata barua pepe ya wauza tiketi. Wanasikitika kwamba sikuridhika, na wananipa punguzo la dola 10 nikinunua tena kwao. Nikinunua tena! Pesa hawajarudisha, picha ya uongo hawajaiondoa, nimeiangalia tena wiki hii na bado ipo, na mama wa mtu mwingine atapelekwa kukaa juu ya ukuta ule. Hasira yangu yote ikarudi palepale. Kwa siku kadhaa kila mtu aliyeniuliza habari za safari nilimsimulia kijana wa simu kwanza, mto baadaye, na naona hapo niliwatendea wenyeji wa Pittsburgh isivyo haki.

Kwa hiyo, kwa anayepanga kwenda: nunua tiketi kwa timu yenyewe, na kabla hujalipa fungua ramani ya viti na uangalie mpigaji anaelekea wapi. Chukua nyuma ya mpigaji au upande wa kituo cha tatu, na orofa ya juu usiiogope, huko ndiko mto na madaraja yote matatu yanaonekana vizuri zaidi, na ndiko bei inakosogea chini. Kama mzazi wako hawezi ngazi, sema mapema. Ukikaa pande hizo nilizotaja, jua linakuwa nyuma yako jioni. Usiegeshe gari karibu na uwanja, liache mjini ng'ambo ya mto. Siku ya mechi daraja la Clemente hufungwa kwa magari, linakuwa la waenda kwa miguu, na kulivuka ukiwa na umati wa jezi nyeusi na njano ni nusu ya raha yenyewe. Mguu ukikataa, treni ya mjini inapita chini ya mto hadi upande wa uwanja na kipande hicho ni bure. Ukifika na muda, zunguka njia ya kando ya mto nyuma ya ukuta wa kulia. Kutoka pale alipo mpigaji mpaka majini ni kama futi 443, na wapo wachache waliowahi kuupiga mpira ukaingia mtoni bila kugusa ardhi.

Sisi wakati wa kurudi tulivuka kwa miguu, mama alikataa treni. Goti lilikuwa linauma, najua, lakini alitaka kusimama katikati ya daraja. Akaweka kiganja kwenye chuma cha njano, bado kina joto la mchana, akaangalia chini maji yanavyobeba taa za mji. Watu wanatupita pande zote mbili wanaimba. Akaniambia nimpige picha, na nyuma yake mto uonekane.

Amesharudi nyumbani sasa. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia kuku na mtu anatwanga: anauliza wale wa mpira wa gongo wanacheza lini tena, na yule mzee wa kofia kama bado yupo. Nimeshaangalia ratiba ya msimu ujao. Viti ni vya kituo cha tatu, orofa ya juu, karibu na lifti.